Visby haionekani kwenye rada, na boti yangu ya faiba je?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimeona video ya zile korveti (meli ndogo za kivita) za Sweden, Visby, wanasema ni za plastiki ndo maana rada haizioni. Mi nna boti ya faiba futi 28, kuna jamaa ananiuzia rangi ya stelthi, yani ya kukuficha rada isikuone, kopo moja bei ya injini. Inafanya kazi kweli?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hapana, hiyo hela irudishe mfukoni kwanza ndo tuongee.

Hili la plastiki nalisikia karibu kila boti ninayopanda kufunga rada. Visby haifichwi na plastiki! Bodi yake ni kaboni faiba iliyobandikwa pande mbili za povu gumu la PVC, na kaboni inapitisha umeme, kwahiyo mawimbi ya rada inayarudisha vizuri tu. Kinachoificha ni umbo. Itazame picha vizuri, ubavu wote bapa zilizolazwa, hakuna kona ya nyuzi 90 ya kurudisha wimbi lilikotoka, hakuna kikorokoro kinaning'inia nje, hata mtutu wa mzinga wake wa milimita 57 unakunjwa ndani. Wimbi likiipiga linatupwa pembeni, halimrudii aliyelituma. Kaboni wameiweka kwa ajili ya wepesi, yani meli ya mita 73 ina tani 640 hivi na inakimbia noti 35 (kama kilomita 65 kwa saa), halafu kaboni haina usumaku, na kule Baltiki mabomu ya kutega majini yanayonusa chuma ni shida ya siku nyingi.

Na pamoja na yote hayo inaonekana. Umbali unaotajwa ni kilomita 22 bahari ikitulia, 13 ikichafuka. Waswidi walichonunua ni kuchelewa kuonekana, ili makombora yao yatangulie kuondoka, na hilo lilichorwa kwenye karatasi kabla bodi haijaanza kujengwa, hukuti mtu anakuja na kopo na brashi kazi ikiwa imeisha.

Ya kwako sasa. Faiba yako ni ya glasi, rada inaipenya tu halafu inakutana na injini, tenki la mafuta, na nyie wenyewe mliokaa humo. Rangi za kunyonya mawimbi zipo kweli ila zinapigiwa hesabu ya unene na masafa (frikwensi) ya mawimbi ya rada, sio hizi za kukorogewa uani. Mteja wangu mmoja aliipaka boti nzima, nikawasha rada ya boti ya jirani, huyoo, yuko palepale.

Ila kinachonitoa jasho ni hichi: kwanini mtu wa boti ndogo atake kujificha? Nyie hamwonekani tayari! Usiku, mvua, mawimbi yamejaa kwenye skrini, afisa wa meli ya kontena inayoingia Dar anapunguza makelele ya bahari, yani vile vidoa vya mawimbi kwenye skrini, na wewe unafutika pamoja nayo. Visby ina watu 43 na mitambo ya kuamua saa ya kujificha, wewe una vijana wawili na tochi. Ndo maana SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, inataka vyombo chini ya tani 150 vibebe riflekta ya rada pale inapowezekana, na riflekta yenyewe ni nini? Vibati vilivyokutanishwa kwa nyuzi 90, kona zilezile ambazo Waswidi walizikimbia.

Nunua hiyo. Na ipande juu kabisa ya mlingoti, juzi nimeikuta moja chini pembeni ya injini imeanikiwa taulo.