Shoti ya Maboksi 22

Nimesimamia stoo ya vifaa vya ujenzi Dar es Salaam kwa miaka kadhaa sasa. Kijana akipandishwa cheo na kuja kuniuliza aanzie wapi, kabla ya ushauri wowote humsimulia kisa hiki.

Ilikuwa mwisho wa mwezi. Tumehesabu mzigo mara mbili, na mara zote mbili marumaru za sakafuni zimepungua maboksi 22, upungufu ambao stoo tunauita shoti. Wakati ule boksi moja tuliliuza shilingi 27,000. Mwenye kampuni hakupiga kelele, alisema neno moja tu: "Wakatwe." Nikashika kikokotoo, nikaigawa 594,000 kwa watu 11 wa zamu, ikaja 54,000 kila kichwa. Nikaandika majina, nikasaini chini, nikampelekea mhasibu. Sikumwita hata mmoja wao kumuuliza. Siku ya mshahara walichukua salari slipu zao mmoja mmoja, wakasoma, wakakunja, wakaondoka. Hakuna aliyebisha. Nikauchukulia ukimya ule kuwa wamekiri.

Miezi miwili baadaye fundi mmoja akarudi kutoka Mbagala na maboksi manne kwenye bajaji. Juu yana selotepu mpya, ndani marumaru zimepasuka pembe. Nikaenda kupekua rundo, na chini kabisa nikakuta mengine sita ya namna hiyo hiyo. Hapo ndipo nikakumbuka kitu. Zamani boksi likianguka ungesikia mtu anapaza sauti, "Bosi, hili limekwenda!" na tunaliandika. Tangu tuwakate, sauti ile sikuwa nimeisikia tena. Na walikuwa na sababu, kwa maana mtu aseme au asiseme, mwisho wa mwezi atakatwa tu. Kuficha nilikuwa nimewafundisha mimi.

Mwezi wa nne tangu tuwakate, nikiwa napanga makaratasi ya wakaguzi, ikanitokea hati ya dereva wa mzigo ule wa marumaru. Hati inasema maboksi 618. Daftari letu la kupokelea linasema 640, na sahihi iliyo pembeni ni yangu. Siku yenyewe ikanirudia yote: lori lilifika karibu saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha, dereva ana haraka, nami nikaandika idadi iliyokuwa kwenye oda badala ya kuhesabu kilichoshuka. Yale maboksi 22 hayakuwahi kuingia stoo.

Nilikaa na karatasi ile kwenye droo siku tisa. Nazitaja siku hizo makusudi, kwa sababu wengi tunaofundisha uongozi tunaziruka. Ndani ya siku tisa nilijipa kila sababu: vitabu vimeshafungwa, watu wameshasahau, nikisema hawatanisikiliza tena. Huku kila asubuhi vijana wananipa shikamoo, naitikia. Tangu utotoni nimesikia wazee wakikariri ile ahadi ya TANU, "Cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Nilidhani inawahusu wanaokula rushwa na wanaopeleka magari ya serikali harusini. Sikuwaza kwamba kuwalipisha watu 11 uzembe wangu, kwa kuwa kalamu ninayo mimi, ni jambo lile lile.

Siku ya kumi nikamwendea mwenye kampuni. Akasema hayo yameshapita. Nikamwambia kwetu yamepita, kwa waliokatwa hayajapita. Tukakubaliana kampuni irudishe pesa yote, na mimi nikaandika kwa mkono wangu kukubali kukatwa sehemu yake kidogo kidogo.

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi nikawakusanya karibu na mifuko ya saruji. Nikasoma hati mbili, ya 618 na ya 640, nikawaonyesha sahihi. Nikasema, "Nisameheni. Kosa lilikuwa langu, na sikuwauliza." Hakuna aliyepiga makofi, na sikutegemea. Mzee mmoja ambaye stoo nzima tunamwita Babu aliuliza swali moja: "Na wale walioondoka?"

Nitarudi kwenye swali lake. Kwanza niseme ninachowaambia wasimamizi wenzangu kuhusu kukata shoti, maana tunalifanya kwa mazoea tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kumkata mtu kwa hasara mpaka hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake mwenyewe, aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu ilivyopigwa, apewe nafasi ya kupinga, na akubali kwa maandishi. Hata hapo makato hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara. Wengi wanaishika hiyo robo peke yake. Na sisi 54,000 yetu haikufika robo ya mshahara wa mtu yeyote pale, lakini hayo mengine yote hatukuyafanya. Kukata zamu nzima kwa mkupuo maana yake umeshindwa kujua nani kafanya nini, ukaamua wote ni wezi.

Tulichofanya baadaye ni kitu kidogo. Tulitundika daftari la vilivyovunjika mlangoni, kalamu imefungwa kwa uzi, na kanuni moja: ukiandika siku hiyo hiyo, hukatwi. Mwezi wa kwanza daftari lilijaa kiasi cha kumtisha mwenye kampuni. Nilimwomba avumilie, kwa sababu mzigo haukuwa umeanza kuvunjika mwezi ule, ila sasa tulikuwa tunauona. Baada ya wiki chache tukaona karibu nusu ya maandishi yanataja mahali pamoja, pale lango la nyuma ambapo sakafu ina ukingo na toroli linaruka. Fundi akaja, mifuko miwili ya saruji, akasawazisha. Ukingo ule ulikuwepo tangu nimefika, na kila msukuma toroli aliujua.

Jambo lingine ni fitina. Msimamizi mpya hupata wageni wengi wa pembeni, wanaokuja kunong'ona kwamba fulani hivi, fulani vile. Ukiwapokea, baada ya muda kila mtu atakuwa anafanya kazi huku akiangalia nyuma. Mimi humwambia anayekuja, "Ngoja nimwite, useme akiwepo." Wengi husema basi, liache. Lakini usiifanye kanuni ya kila kitu. Dada akija kukueleza kwamba mkubwa wake anamtaka ndipo ampe zamu nzuri, hiyo si fitina. Ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitaja kuwa kosa. Msikilize faragha, muda huo huo, na usimpeleke kusimama mbele ya mtu anayemwogopa.

Michango ya NSSF nayo, kwa ufupi: ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi asikatwe zaidi ya 10. Ikisomeka kwenye slipu halafu mfuko haujaipokea, umechukua uzee wa mtu. Kama wewe si mwajiri bali msimamizi tu, bado uliza. Wahimize watu wako waangalie taarifa za michango yao wenyewe, na wakikuta pengo uwe wa kwanza kwenda nao kwa mhasibu.

Swali la Babu, basi. Wawili kati ya wale 11 walikuwa wameshaacha kazi. Mmoja nilimpata kwa simu, nikamtumia 54,000 kwa M-Pesa pamoja na maelezo. Akanijibu, "Hela imefika kaka, nashukuru. Ila huku nilipo bosi alishaambiwa niliondoka kwenu kwa mambo ya shoti. Funguo za stoo hanipi." Nikamwomba anielekeze duka. Jumamosi nikaenda Kariakoo na nakala za hati zote mbili, nikaziweka kwenye kaunta ya mwajiri wake, nikamweleza tangu lori lilipofika mpaka nilipogawa ile hesabu. Alizisoma mara mbili. Akaniuliza, "Na wewe bado uko kazini?" Nikasema ndiyo. Akamwita kijana, akampa kiti.

Wa pili namba yake haipatikani, na waliokuwa wakikaa naye wanasema alirudi kwao, kijiji hawakijui. Bahasha yake iko kwa mhasibu, ina jina lake na shilingi 54,000 ndani.