Shangazi, kila nikijiangalia kwenye kioo naishia kujiumiza

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema siku ya kupimwa sare ya kitchen party ya dada yako, fundi alizungusha futi kamba kiunoni akasema kwa sauti huyu kitambaa chake tuongeze, mama wadogo wakacheka na wewe ukacheka nao, usiku ukajifungia chooni ukajiumiza, na mpaka leo una miaka 21 unavaa mikono mirefu hata kwenye joto la Dar la mwezi wa pili.

Pole mwanangu, pole sana. Wewe sio kichaa na wala hutafuti kiki kama alivyosema rumeti wako. Wengi wanaojiumiza wana maumivu moyoni yasiyo na pa kutokea, wakifanya hivyo wanapata nafuu ya dakika chache, halafu inakuja aibu, na aibu ndo inazidi kukufanya uuchukie mwili, unarudi palepale. Ndo maana kuapa "sirudii" peke yake hakujakusaidia. Na ukishazoea kila anayekusalimia anaanza na "we umenenepa!", mwili unauona kama mali ya watu, wa kusemwa tu, na kitu usichokiona chako ni rahisi kukiumiza. Kwa hiyo tusianzie kwenye kujinyima kula. Hizo chai za kukata tumbo achana nazo, na zile akaunti za "kabla na baada" ziondoe kwenye simu leo.

Hamu ya kujiumiza ikikupanda, toka humo chumbani, nenda walipo watu, kaa hata kwa mama chapati, mpigie yule rafiki uliyemtaja, maana hamu inapanda lakini na kushuka inashuka. Vitu vya kujiumizia mpe yeye akae navyo. Kidonda kibichi kipeleke zahanati, usione haya.

Halafu nenda hospitali ya Muhimbili, wana idara ya afya ya akili. Najua ukisikia hivyo unawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, na maneno ya watu, lakini hapo Muhimbili unakaa na mtu mnaongea. Na mawazo ya kufa yakija, hata kidogo, usisubiri miadi, mwamshe mtu mwende emajensi usiku huohuo.

Uliuliza mama umwambieje. Usianze na mkono, mwambie tu "mama, siku ile kwa fundi niliumia", ukae kimya. Akifoka, mpe barua uliyoniandikia aisome mwenyewe. Na Jumatatu niandikie, nasubiri.