Sahani ya Delft isiyotoka Delft

Swali: Natafsiri maelezo ya picha za vyombo vya kale. Kimoja ni sahani pana, nyeupe yenye michoro ya buluu, iliyotengenezwa Uingereza karne ya 18, ya aina iitwayo Delft. Nimeandika: "Sahani kuukuu ya kauri ya Delft ya Kiingereza." Mwenzangu anasema haieleweki. Nimekosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Kosa kubwa liko kwenye neno kauri. Kauri ni lile gamba la baharini, jeupe linalong'aa, na pia ni vyombo vyeupe vya Kichina. Waitaliano nao walivipa vyombo hivyo jina la gamba hilohilo, porcellana. Ndivyo vilivyopangwa kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za nyumba za Lamu na kujengewa kwenye makaburi ya Kunduchi.

Sahani yako si kauri. Ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa, ukapakwa ganda jeupe lenye madini ya bati, ukachorwa kwa kobalti, madini yatoayo rangi ya buluu, kisha ukarudishwa tanuruni. Ukingo wake ukimeguka, udongo wa manjano unaonekana. Wafinyanzi wa London, Bristol na Liverpool waliiga kauri ya Uchina ambayo kwa muda mrefu hawakujua kuitengeneza. Ukiiita kauri, unafuta habari hiyo yote, nayo ndiyo tamu kuliko zote. Andika "sahani ya udongo".

Sasa "ya Delft". Tukisikia mchele wa Mbeya, tunajua umetoka Mbeya. Delft ni mji wa Uholanzi, na sahani hii haikutoka huko. Tena ufundi wenyewe ulitangulia jina: wafinyanzi wawili kutoka Antwerp, mji wa Ubelgiji ya leo, walianza kazi Norwich, Uingereza, mwaka 1567, na jina la Delft likaja kushika baadaye. Sema "ya mtindo wa Delft".

"Ya Kiingereza" ni Kiswahili safi, ila ki- hiyo hutaja namna ya kitu zaidi ya mahali kilikotoka. Kiti cha Kihindi chaweza kuchongwa popote. Wewe unataka mahali, basi sema "iliyotengenezwa Uingereza".

Kuukuu liachie nguo zilizochakaa. Chombo kinachotunzwa ni cha kale.

Kwa upana wake ningependa sana uiite kombe, kama wazee wa pwani waitavyo sahani kubwa ya kupakulia wali. Lakini leo msomaji wa bara akisikia kombe anawaza mpira, kwa hiyo baki na sahani. Buluu umeichagua vizuri: samawati ni rangi ya mbingu, hafifu mno kwa kobalti.

Mimi ningeandika hivi: "Sahani pana ya kale ya udongo, ya mtindo wa Delft, nyeupe yenye michoro ya buluu. Ilitengenezwa Uingereza, karne ya 18."