Kumshauri mgonjwa aache sigara: tarehe, dozi na simu ya siku ya tatu

Ukimuuliza mgonjwa "Unavuta sigara?" huku mkewe amekaa pembeni, utajibiwa "Nilishaacha, daktari." Huenda ameacha asubuhi ile ile. Swali linalozaa jibu la kweli ni "Mara ya mwisho kuvuta ilikuwa lini?" Aulizwe kila mtu mzima, kila hudhurio, kama anavyopimwa presha, na jibu liandikwe kwenye faili. Usiishie kwenye sigara pia. Asiyevuta anaweza kuwa na ugoro au kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni) mfukoni, na vijana wengi hawaihesabu shisha kuwa tumbaku. Halafu usiulize pakiti ngapi, maana wengi hununua moja moja dukani kwa Mangi. Uliza sigara ngapi tangu anapoamka hadi anapolala.

Swali la pili halichukui sekunde kumi: "Ukiamka, sigara ya kwanza unaiwasha baada ya muda gani?" Anayewasha ndani ya nusu saa ametawaliwa na nikotini hata kama kwa siku havuti nyingi. Liandike jibu hilo, kwa sababu ndilo litakaloamua dozi ya chingamu ya nikotini.

Kisha mwambie aache, wazi wazi, ukifunganisha na kilichomleta. "Mzee wangu, kidonda hiki cha mguu hakitapona vizuri ukiendelea kuvuta. Nakushauri uache, na nitakusaidia." Mwenye kifua kikuu aelezwe kwamba sigara inaongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi baada ya dawa kuisha. Kijana wa miaka 25 ukimtisha na saratani ya mapafu atakutazama tu. Mguse kwenye nguvu za kiume au mfuko: apige hesabu mwenyewe ya sigara kumi kwa siku kwa bei anayonunulia, mara siku thelathini.

Foleni ndefu si kisingizio. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unataka ushauri mfupi wa sekunde 30 hadi dakika 3 utolewe kila mara kama sehemu ya huduma ya kawaida. Faida yake ilipimwa zamani. Mwaka 1979 Michael Russell na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa na madaktari wa familia wa London kwa wavutaji zaidi ya 2,000. Kati ya wasiofanyiwa lolote, walioacha na kudumu mwaka mzima walikuwa asilimia 0.3. Walioambiwa waache walifika 3.3. Walioambiwa, wakapewa kipeperushi na kujulishwa kwamba watafuatiliwa, walifika 5.1. Ni namba ndogo kwa mtu mmoja, lakini zidisha kwa wagonjwa wote wa zahanati. Angalia pia kilichoongeza mafanikio katika kundi la mwisho. Hakikuwa vitisho vikali zaidi.

Asiye tayari usibishane naye. Muulize anaogopa nini akiacha, sikiliza, mwambie utamuuliza tena, endelea na kilichomleta.

Aliye tayari asitoke chumbani bila tarehe ya kuacha. Iwe ndani ya wiki mbili. Ikiwa mbali zaidi nia inapoa. Isiangukie harusi wala mwisho wa mwezi, siku za mshahara na bia. "Nitapunguza kidogo kidogo" bila tarehe ni mpango unaokufa wenyewe, kwani kila sigara iliyobaki huvutwa kwa pafu refu zaidi na nikotini inabaki karibu ile ile. Kwa Mwislamu, Ramadhani ni nafasi nzuri: tayari mchana kutwa havuti. Hatari iko baada ya futari, kahawa ikishamiminwa barazani, kwa hiyo mpango wake uwe wa usiku. Jioni ya kuamkia tarehe yenyewe atupe sigara, kiberiti na kisahani cha majivu, na awaambie wa nyumbani na wa kijiweni.

Dawa zipo, ingawa si kila mahali. Bidhaa za nikotini za kusaidia kuacha, yaani kibandiko na chingamu, ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009, na bupropioni na vareniklini, vidonge visivyo na nikotini, mwaka 2021. Kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye rafu, basi pigia duka la dawa kabla ya kuandika, na uulize bei.

Kibandiko cha nikotini: anayevuta zaidi ya sigara kumi kwa siku aanze na miligramu 21 kwa wiki sita, kisha 14 kwa wiki mbili, kisha 7 kwa wiki mbili. Wa kumi au chini yake aanze na 14 kwa wiki sita, amalizie na 7 kwa wiki mbili. Kibandikwe asubuhi juu ya ngozi kavu isiyo na nywele, na kila siku mahali pengine, la sivyo ngozi itawasha. Kwa joto la Pwani kinabanduka akikiweka angali na jasho, hivyo ajifute vizuri, akikandamize kwa kiganja sekunde kumi. Akisumbuliwa na ndoto, akivue anapokwenda kulala.

Chingamu ndiyo inayokosewa zaidi. Mgonjwa anaitafuna kama bazoka, anameza nikotini, anapata kwikwi na kiungulia, kesho anasema dawa imemkataa. Inatafunwa polepole hadi ichachatike kama pilipili, inaegeshwa kati ya shavu na ufizi, mchachatiko ukiisha inatafunwa tena, kwa takriban nusu saa. Dakika 15 kabla na wakati wote ikiwa mdomoni asinywe kahawa, soda wala juisi, kwa kuwa tindikali inazuia nikotini kupenya. Yule anayewasha ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka apewe ya miligramu 4, wengine 2. Wiki sita za mwanzo atumie moja kila saa moja au mbili, isizidi 24 kwa siku. Wengi hutafuna mbili kutwa nzima na kushangaa hamu haiishi. Kibandiko pamoja na chingamu hushinda kimoja peke yake.

Bupropioni huanza wiki moja hadi mbili kabla ya tarehe: miligramu 150 mara moja kila siku kwa siku tatu za kwanza, kisha 150 mara mbili kwa siku, zikipishana saa nane au zaidi. Mwenye kifafa asipewe kabisa.

Mwandae kwa yatakayokuja. Hasira, usingizi wa mang'amung'amu, njaa na choo kigumu hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea ndani ya wiki tatu au nne. Hamu yenyewe hudumu dakika chache. Anywe maji taratibu, atembee, ipite. Kikohozi kinaweza kuongezeka mwanzoni, naye akisikia hivyo bila kuonywa atahitimisha kwamba sigara ilikuwa inamsafisha kifua.

Jambo linalosahaulika hata na madaktari: moshi wa tumbaku huharakisha ini kuvunja baadhi ya dawa. Akiacha, aminofilini (ya pumu), olanzapini na klozapini (za magonjwa ya akili) hupanda mwilini kwa dozi ile ile, hivyo zifuatiliwe na zipunguzwe inapobidi. Kibandiko hakizuii hilo, kwani kinacholichochea ini ni moshi, si nikotini. Kafeini nayo hupanda. Apunguze kahawa nusu, ama sivyo atatetemeka na kudhani ni arosto ya sigara.

Halafu simu. Siku ya tatu, tena baada ya wiki, tena baada ya mwezi. Muuguzi anaweza kupiga. Namba iandikwe kwenye faili kabla mgonjwa hajaondoka. Aulizwe: "Tangu siku ile, umevuta hata pafu moja?" Aliyeteleza asigombezwe, maana aliyegombezwa harudi. Ulizeni ilikuwa wapi, saa ngapi, na nani. Kama ni baa, pombe ipumzishwe mwezi mmoja. Kama ni kituo cha bodaboda wakati wa kusubiri abiria, awe na chingamu mfukoni saa hizo. Kama vibandiko viliisha wiki ya pili kwa kukosa hela, hesabuni upya pamoja fedha alizokuwa akinunulia sigara, kisha mpange tarehe nyingine siku hiyo hiyo.