Jibu: Likizo ya Agosti hapa Lamu, mtoto afanye nini?

Dada yangu, assalamu alaikum. Umeuliza kama umwandikishe mwanao wa miaka 11 masomo ya ziada likizo hii ya Agosti, au umtafutie shughuli nyingine. Ningekusihi uyaache masomo hayo, kwa sababu Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeyakataza masomo ya likizo, na kwa sababu mtoto aliyekaa darasani muhula mzima anahitaji kujifunza kwa mikono.

Mwaka jana nilimpeleka mwanangu kwa fundi wa nakshi mtaani kwetu, asubuhi tu, ili alasiri aende chuoni, yaani madrasa, kama kawaida. Wiki ya kwanza alifagia maranda na kunoa patasi, nami nikaingiwa na shaka. Wiki ya pili akapewa bikari na kipande cha mti wa mbambakofi achore ua la petali sita, na hapo akatambua, bila kuambiwa na mtu, kwamba bikari ikibaki na upana uleule wa nusu kipenyo hulizunguka duara kwa hatua sita kamili. Jioni alinichorea sakafuni kwa chaki, macho yakimng'aa.

Kuogelea pia ni muhimu mno kwa mtoto wa kisiwani, ila Agosti kusi bado inavuma, kwa hiyo ajifunze penye maji tulivu, na mtu mzima awe naye majini.

Kabla ya kukubaliana na fundi yeyote, uliza nani hubaki na watoto, kisha nenda ukaone mwenyewe bila kutoa taarifa. Usilionee haya jambo hili.