Yaya, nikubali pambano hili la mwisho?

"Yaya, mkubwa wangu, nakusalimia. Mimi ni bondia wa uzito wa juu, nina miaka 39, kilo 108, naishi Katuba hapa Lubumbashi. Nimepigana mara 27, nimeshinda 17, na mtaani bado wananiita Champion. Miezi 14 sijapata pambano. Sasa meneja ameniletea moja la Afrika Kusini, baada ya wiki tatu, na kijana wa miaka 24 ambaye hajapoteza hata mara moja. Dola 4,000. Ila anataka nitangulize 600 za viza na tiketi, atanirudishia huko huko. Mke wangu anauza vitenge soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na mwezi huu ni zamu yake kupokea likelemba, mchezo wao wa kuchangiana pesa, lakini amekataa kunipa. Anasema nasahau vitu, niache ngumi. Kichwa kinaniuma kidogo baada ya mazoezi, huo ni uchovu tu. Rafiki anaweza kuniingiza ulinzi wa usiku mgodini, lakini Champion mzima kusimama getini? Bondia Mmarekani George Foreman alichukua mkanda wa dunia akiwa na miaka 45. Nishauri, nikubali? Na nikiacha nifanye kazi gani? Sijui kitu kingine." – Champion wa Katuba

Mdogo wangu,

Barua yako ilikuwa kurasa tatu, nimeifupisha. Kuna jambo moja sikuliweka hapo juu, na siwezi kukujibu bila kulisema. Katika ukurasa wa kwanza umenisimulia ulivyomwangusha yule bondia wa Likasi raundi ya nne, mvua ikivuja juu ya ulingo na mwamuzi akiteleza. Katika ukurasa wa tatu umenisimulia tena. Mvua ile ile, mwamuzi yule yule, raundi ya nne, na ulianza kwa maneno haya: "Yaya, sijakuambia bado." Niliweka kurasa mbili sambamba mezani nikazitazama kwa muda mrefu.

Kwa hiyo mke wako hakuwa akikutukana. Alikuwa akikuambia anachokiona.

Kabla ya pambano, kabla ya kazi, kabla ya lolote, nenda kwa daktari. Anza hospitali ya Sendwe au kliniki za chuo kikuu, uombe kuonana na daktari wa neva. Mwambie hivi: mimi ni bondia, nimepigwa kichwani kwa miaka mingi, kichwa kinauma baada ya mazoezi na nasahau. Usiseme "uchovu". Mtajie mapambano yote uliyoanguka, na mtajie mazoezi pia, maana ubongo hauhesabu ngumi za mashindano peke yake. Ile kofia ya mazoezi inazuia kuchanika ngozi, haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Madaktari wanaujua ugonjwa huu tangu zamani. Mwaka 1928 daktari Mmarekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia waliokuwa wakitembea kama walevi bila kunywa. Na uelewe neno moja gumu: picha ya kichwa ikitoka safi, hiyo si ruhusa ya kwenda kupigwa. Uharibifu wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye picha.

Dawa za maumivu ulizoniandikia kwamba unazimeza asubuhi ya mazoezi, uziache mpaka daktari aseme. Na ngumi za mazoezi za kuumizana, ziache leo, usingoje siku ya miadi.

Sasa nije kwenye pambano. Jibu langu ni hapana, na ningesema hapana hata kama kichwa chako kingekuwa kizima kama cha mtoto.

Tuhesabu pamoja. Meneja akichukua theluthi, kama wengi wanavyofanya, dola 4,000 zinabaki kama 2,670. Kocha wako asilimia 10, toa 400 nyingine. Toa na zile 600, maana sidhani kama zitarudi. Umebaki na dola kama 1,670. Gawanya kwa miezi 14 uliyokaa ukingoja: hazifiki 120 kwa mwezi. Hapo bado hujala nyama ya mazoezi na hujalipa dawa. Tena niambie, tangu lini bondia anayeitwa ugenini anajilipia tiketi? Promota anayekuhitaji ndiye anayekulipia ndege na kitanda. Anayekuomba utangulize pesa, faida yake amekwisha kuipata kabla kengele haijalia.

Umenitajia Foreman. Mimi pia nampenda, lakini hadithi yake tuisome yote. Aliacha ngumi mwaka 1977, akakaa miaka 10 bila mtu kumpiga kichwani. Aliporudi mwaka 1987 alikuwa na kituo cha vijana huko Houston alichotaka kukitafutia pesa. Alipigana na watu zaidi ya 20 wa kumpasha moto kabla ya kupewa bingwa Evander Holyfield mwaka 1991, akapoteza kwa pointi. Ndipo mwaka 1994 akamwangusha bingwa Michael Moorer raundi ya 10, pambano ambalo kwa pointi alikuwa analipoteza. Sasa wale zaidi ya 20 aliowapitia, unawakumbuka majina? Nao walikuwa na mtaa uliowaita Champion. Mdogo wangu, huko Afrika Kusini hukuitwa kuwa Foreman. Umeitwa kuwa mmoja wa wale. Kijana ambaye hajapoteza anahitaji jina lenye ushindi 17, lenye umri, lisilo na wiki za kutosha za kujiandaa. Wiki tatu hazikutokea kwa bahati mbaya.

Hata Martin Bakole, bondia wa uzito wa juu, mtoto wetu wa Kananga, mwenye nguvu na aliyekuwa akitazamwa na dunia nzima, Februari 2025 aliitwa Riyadh siku chache kabla ya pambano kuziba nafasi ya mtu aliyeugua. Joseph Parker alimmaliza raundi ya pili. Hakuwa mzee. Alikosa muda tu.

Sisi Wakongo tunapenda kumsimulia Muhammad Ali wa Kinshasa, aliyempiga Foreman huyo huyo tarehe 30 Oktoba 1974. Ali wa Oktoba 1980 hatumsimulii. Alikuwa na miaka 38, mmoja chini ya yako, akapanda ulingoni na Larry Holmes, kijana aliyekuwa akifanya naye mazoezi. Alipigwa raundi 10 mpaka kona yake ikasimamisha. Mwaka uliofuata alipanda tena, akapoteza tena. Mwaka 1984 madaktari wakasema ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili. Siwezi kusema ngumi za usiku ule ndizo zilizomletea. Najua tu kwamba pembeni yake walikuwapo watu wa kumwambia acha, na walikuwapo wa kumwambia bado unaweza, akawasikiliza hao wa pili.

Na likelemba ya mama watoto usiiguse. Zamu yake ni yake. Hiyo ndiyo mtaji wa vitenge, na kwa miezi 14 hivyo vitenge ndivyo vilivyoweka bukari, ugali wetu, mezani. Umwombe radhi kwamba uliomba.

Sasa kazi. Umeandika "sijui kitu kingine", na hapo ndipo siwezi kukubaliana nawe kabisa.

Mwaka jana nilimsindikiza mtoto wa dada yangu kwenye klabu moja ya ngumi huku Kamalondo. Nilikaa kwenye benchi nikamtazama mzee mmoja akimfunga kijana bendeji mikononi. Akaanza kwenye kidole gumba, akazungusha kifundo, akapitisha kati ya vidole kimoja kimoja, akarudi juu ya mifupa ya ngumi mara tatu. Alipomaliza akabonyeza katikati ya kiganja, akamwambia kunja. Kijana akakunja uso. Mzee hakusema kitu, akaifungua bendeji yote akaanza upya. Kidole kidogo kilikuwa kimebanwa. Mimi nisingejua kwa miaka mia.

Wewe unajua. Unajua kumaliza damu ya nyusi katika sekunde 60: kufuta, kubana pamba yenye dawa bila kuachia, kupaka Vaseline, kuweka chuma baridi kwenye uvimbe, na kumwambia bondia sentensi moja tu maana ya pili hataisikia. Unajua kumwona kijana anayeogopa na yule anayejifanya haogopi. Unajua kwa nini mfuko wa mchanga unavunja mikono, na kwa nini wa matambara ni bora. Ufundi huo uko mikononi mwako, na mikono yako bado mizima.

Basi uza huo. Watoto wa Katuba hawana pesa, wafundishe jioni hata bila malipo, wao ndio watakaolibeba jina lako. Wanaolipa ni watu wazima: wafanyakazi wa ofisi, wa makampuni ya migodi, mama wanaotaka kupunguza kilo. Wanataka kutoka jasho saa kumi na mbili asubuhi na kusema wanafundishwa na Champion wa kweli. Ukipata 15 wakikulipa dola 20 kwa mwezi, hiyo ni 300, kila mwezi, bila mtu kukugusa kichwa. Unahitaji uwanja wa shule au ua wa parokia, kamba za kuruka, jozi mbili za pedi, mifuko miwili uliyoshona mwenyewe. Anza na watano. Wakati huohuo waone watu wa shirikisho la ngumi mkoani uulize lini kuna mafunzo ya makocha na waamuzi, na Msalaba Mwekundu kwa huduma ya kwanza. Karatasi hizo zitakusaidia siku kampuni itakapotaka mwalimu wa walinzi wake.

Atakuja mtu kukuomba upande ulingoni bondia wake akufanyie mazoezi ya kupiga, kwa dola chache kwa raundi. Kataa. Ni ngumi zile zile, ila hazina tangazo.

Ule ulinzi si aibu. Kama nyumbani kuna njaa, uuchukue kwa miezi michache, lakini uombe zamu ya mchana, kichwa chako kinahitaji usingizi. Na uulize mapema wanakutaka ufanye nini. Kama wanataka mwili wako wa kuwapiga vijana wachimbaji getini, ondoka.

Kuhusu jina, najua ndilo linalouma. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa wale zaidi ya 10,000 waliotoka Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, kuanzia 2003. Karibu mwaka mzima aliamka saa kumi na moja, akavaa, akakaa kwenye kiti mlangoni. Hakuna aliyejua cha kumwambia. Kisha jirani akamletea geti lililovunjika bawaba, maana alikuwa mchomeleaji. Akalitengeneza siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata walikuja wawili. Alipofariki watu walikuwa bado wakimwita kwa cheo chake cha kiwandani, na hakuna aliyeona ajabu.

Meneja mwambie maneno machache: kwanza daktari. Atakujibu kwamba watatafuta mwingine. Watatafuta, na watampata. Usikae kwenye simu kumsikiliza.

Ukipata siku ya miadi, mchukue mke wako, na aingie nawe chumbani, asibaki kwenye benchi la nje. Daktari atakuuliza tangu lini unasahau. Wewe hutajua. Yeye anajua.