Jibu: El orfanato mbona inasifiwa hivi na mimi sikuogopa?

Mambo mkuu. Kama nimekuelewa, umeiangalia El orfanato, ile filamu ya kutisha ya Kihispania ya 2007, hukushtuka hata mara moja, sasa unashangaa wahakiki wanasifia nini.

Cha kwanza nakuuliza, uliangalia na spika ya simu? Mimi mara ya kwanza nilifanya hivyo nikalala katikati. Mara ya pili nikaweka hedifoni, usiku, taa zimezimwa, na ile sehemu ya mama mganga (Geraldine Chaplin) anazunguka vyumbani huku wengine wanamfuatilia kwenye skrini za kamera za usiku, hapo huoni mzimu wowote, unasikia tu sauti za watoto, mwili ukanisisimka mpaka nikapunguza sauti.

Wengi walioisifia waliisifia kwa hilo, haina damu nyingi, inategemea sauti na huzuni ya Laura kumtafuta mwanae, na Belén Rueda, ndiye Laura mwenyewe, pale kacheza kweli, aliteuliwa kwa Goya (tuzo kubwa za filamu Hispania) ya mwigizaji bora wa kike japo hakuipata. Filamu yenyewe ilibeba Goya 7.

Ila hauko peke yako, wapo waliosema imeokotaokota vitu vya filamu za mizimu za zamani, nyumba kubwa, mtoto mwenye marafiki wasioonekana, siri ya zamani. Hapo nawaunga mkono kidogo.

Rudia tu ile sehemu ya mchezo wa kugonga ukuta. Laura anahesabu, anageuka, kamera inarudi mlangoni taratibu. Ukiona bado haikugusi basi sio filamu yako, na wala sio dhambi.